Umri Unaoishia na Sifuri

Fomu zilikuwa mia moja na ishirini, zimepangwa mezani katika mafungu mawili, lakini Bwana Twalha alikuwa ameweka jiwe la kuzuia karatasi juu ya fungu moja tu. Fungu la pili lilipepea kwa upepo wa feni, na mwenyewe hakuonekana kujali kama lingeanguka.

Inspekta Getruda Milanzi aliliona jambo hilo kabla hajaketi.

"Hili ndilo la Nkowe?" aliuliza, akigusa fungu lisilo na jiwe.

"Ndilo, afande. Utanisamehe, nashindwa hata kuliita takwimu."

Twalha alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi mweusi. Kwa miaka minne, kila Jumatano ya msimu wa maua ya mikorosho, alikuwa akiandaa ujumbe mfupi wa simu kwa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa. Ujumbe huo uliwaambia kama hali ya hewa ilikuwa inaukaribisha ugonjwa wa ubwiri unga, na hivyo kama wapulizie salfa au wangoje. Serikali ndiyo iliyougharamia. Sasa serikali ilitaka kujua neno moja tu: ujumbe huo unawafaa kiasi gani wale wanaoupokea? Ripoti yenye jibu ilitakiwa kuondoka Nachingwea kesho, Jumatano, saa nane mchana.

"Nieleze kosa," alisema Getruda.

"Makosa ni manne." Twalha alivaa miwani. "Mdadisi wangu, Shakila, alipelekwa Nkowe kuhoji wakulima sitini. Tazama umri wao. Hamsini, sitini, arobaini, sitini, hamsini na tano, sabini. Kijiji kizima kina umri unaoishia na sifuri au tano? Pili, nambari ya simu. Fomu arobaini na moja zina nambari moja. Tatu, tarehe za kupulizia. Hao hao arobaini na mmoja wanasema walipulizia tarehe ishirini Juni na tarehe nne Julai. Wote. Alizitoa kwenye ratiba yangu ya kutuma ujumbe, akaongeza siku moja moja ili zisifanane."

"Na la nne?"

Twalha aligeuza fomu moja, akaweka kidole kwenye kisanduku cha chini, kilichoandikwa *Maelezo mengine*. Ndani yake kulikuwa na neno moja kwa wino wa bluu: *mfuko*.

"Limo katika zote arobaini na moja. Mfuko. Mfuko wa nini? Nilipomuuliza alinyamaza. Afande, huyu binti alikaa chini ya mkorosho akajaza karatasi. Ukisaini hati ya kufungua jalada la kughushi, nitaziondoa fomu zake na kutuma ripoti kwa hizi za Mtua pekee."

"Na za Mtua zinasemaje?"

"Asilimia tisini na tatu wanasema ujumbe unawafaa sana." Alisema hivyo huku amekwisha kuliinua jiwe. "Hizo ndizo takwimu."

Getruda alilivuta fungu la Mtua. Karatasi zilikuwa nyeupe, zimenyooka. Alichukua moja ya Nkowe akaziweka sambamba. Ya Nkowe ilikuwa na mkunjo katikati, alama ya kidole chenye vumbi jekundu, na pembe iliyolowa ikakauka.

"Nani alihoji Mtua?"

"Mimi mwenyewe. Mdadisi niliyempanga aliugua."

"Nkowe zinaanza na namba moja mpaka sitini. Hizi zinaanza na sitini na nane."

"Saba ziliharibika kwenye mashine ya kuchapia."

"Unazo?"

"Karatasi zilizoharibika, afande? Nilizitupa."

Getruda alitoa daftari, akachora mistari miwili, akaanza kusoma umri wa wakulima wa Mtua mmoja baada ya mwingine. Hakuandika umri wenyewe. Aliandika tarakimu ya mwisho tu. Twalha alimtazama kwa muda, kisha akajifanya anapanga kalamu. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi na tano. Alipomaliza alihamia fomu za Nkowe.

Katika fomu sitini za Nkowe, arobaini na tisa zilikuwa na umri unaoishia na sifuri au tano. Katika sitini za Mtua, kila tarakimu, kuanzia sifuri hadi tisa, ilitokea mara tano, sita au saba.

"Umeona?" Twalha aliuliza. "Mtua ndivyo idadi ya watu inavyotakiwa kukaa."

"Naona wamegawana vizuri sana," Getruda alijibu, akafunga daftari. "Naondoka na mafungu yote mawili. Saini yangu utaipata kesho, au utaikosa kesho."

*

Shakila alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba. Umri wake haukuzidi miaka ishirini na sita. Aliposimama kusalimu, hakuuachia mkoba.

"Kaa. Ulifika Nkowe?"

"Nilifika, afande. Siku sita. Nilisaini kitabu cha wageni kila asubuhi."

"Uliwauliza umri?"

"Niliwauliza."

"Wakakwambia hamsini, sitini, sabini."

"Ndivyo walivyosema. Nimsahihishe bibi umri wake mwenyewe?"

Getruda alimwonesha fomu. "Nambari hii ya simu ni ya nani?"

Shakila alitazama ukuta. "Ya mtu wa Nkowe."

"Mtu ana jina."

"Analo."

"Litaje."

"Siwezi, afande."

"Na mfuko?"

"Kwenye semina Bwana Twalha alituambia kisanduku kile kisizidi maneno matatu. Hataki hadithi. Nilitumia moja."

"Unanifanyia mzaha?"

Sasa Shakila alifungua mkoba. Alitoa bahasha ya kaki, akatoa ndani yake barua yenye muhuri, akamkabidhi. Ilikuwa barua ya ajira: afisa ugani wa kata, wilaya ya Ruangwa, kuripoti Alhamisi, tarehe mosi Agosti.

"Keshokutwa," alisema. "Miaka mitatu nimeomba kazi hii. Jalada likifunguliwa kesho, barua hii ni karatasi ya kufungia vitumbua. Nitamfanyia mtu mzaha kwa lipi?"

"Basi nitajie mwenye simu, uende nyumbani."

Ndani ya ofisi feni iliendelea kukwaruza.

"Niliahidi," alisema Shakila mwishowe. "Aliogopa kuandikwa. Nilimwahidi mbele ya wajukuu zake. Afande, nenda Nkowe kesho asubuhi, usichelewe. Shuka njia panda ya kuingilia kijijini, ukae hapo, utazame tu. Kama hukuona kitu, rudi unifunge."

Getruda alimrudishia barua. Katika daftari aliandika mistari miwili: *Anaficha jina. Hafichi fomu.* Alipiga mstari chini ya ule wa kwanza, kwa kuwa mtu anayeficha jina la mwenzake kwa gharama kubwa hivyo, mara nyingi ni mshirika. Kisha akaomba gari, akaelekea Mtua.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hasani, alimpokea katika ofisi yenye dirisha moja, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumsogezea kitabu cha wageni.

"Saini kwanza, mama. Hapa hata mkuu wa wilaya anasaini."

Getruda alisaini, kisha hakukirudisha kitabu. Alifunua nyuma mpaka mwanzoni mwa Julai. Tarehe tano, siku ya Ijumaa, jina la Twalha lilikuwepo, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Kusudi: tathmini. Alipekua sita, saba, nane, mpaka tarehe kumi na tano. Jina hilo halikurudi.

"Huyu bwana alikaa siku ngapi?"

"Siku?" Mzee Hasani alicheka. "Alikaa pale nje kwenye kiti changu, akahoji watu, akafunga begi. Swala ya Ijumaa ilimkuta keshapita Chiola, anarudi mjini."

"Alihoji watu wangapi?"

Mzee alitazama dari, akahesabu kwa vidole, akitaja ukoo badala ya majina. "Saba. Wa nane alikuwa mimi, nikamwona hana tena hamu ya kuuliza."

Getruda aliandika *saba*, akakumbuka karatasi zilizoharibika kwenye mashine. Alifungua fungu la Mtua. Lilikuwa na tarehe tatu: nne, tano na sita. Iliyojaa kuliko zote ilikuwa tarehe sita, Jumamosi, yenye fomu thelathini na moja, na kati ya hizo ishirini na tatu zilikuwa za akina mama. Mahali pa mahojiano: *nyumbani*. Muda: *asubuhi*.

"Mzee, Jumamosi ya tarehe sita Julai, asubuhi, akina mama wa hapa walikuwa wapi?"

Safari hii Mzee Hasani alicheka mpaka akakohoa. "Jumamosi ile wali walikuwa wanatoka! Mama, wewe ni wa huku?"

"Nimezaliwa Masasi."

"Basi wajua. Wasichana kumi na wanne siku moja. Mke wangu aliondoka kabla ya jua, mimi hata chai sikupata. Ungepita nyumba kwa nyumba ungekuta kuku."

Getruda hakuhitaji kuelezwa zaidi. Siku ambayo wasichana wanatoka unyagoni, hakuna mwanamke anayejiheshimu anayeketi nyumbani kwake kujibu maswali ya salfa, na hakuna mwanaume mgeni anayekwenda kuwatafuta waliko.

"Niitie mmoja wa hawa," alisema, akisoma fomu ya themanini na tatu. "Bi Saada."

Bi Saada alikuja na mikono yenye unga wa muhogo. Alisikiliza, kisha akaomba asomewe majibu yake tena.

"Mimi nimesema ujumbe unanifaa sana?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Na kwamba una miaka arobaini na saba."

"Arobaini na saba!" Alimgeukia mwenyekiti. "Nani kanihesabia? Mimi nasema arobaini na tano tangu mwanangu wa pili aolewe. Na ujumbe wenyewe unaingia simu ya mume wangu, na simu inashinda naye. Siku nikiuona, umejaa namba. Unyevu sijui themanini, joto sijui ngapi. Mwisho wa namba tufanye nini? Hausemi."

"Unasema," alisema Mzee Hasani kwa upole. "Ila mwishoni kabisa."

"Nani anafika mwishoni?" Bi Saada aliuliza, akarudi kwenye unga wake.

Jina lake, alieleza mwenyekiti, lilikuwa kwenye orodha ya wakulima waliosajiliwa. Nakala moja alikuwa amempa Bwana Twalha.

Kwa hiyo fomu za Mtua zilikuwa za kughushi. Lakini hilo halikumsafisha Shakila; wadadisi wawili wanaweza kughushi, mmoja kwa ustadi na mwingine kwa uvivu, na nambari moja katika fomu arobaini na moja ilikuwa bado haina mwenyewe.

*

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, dereva wa bodaboda aliyemchukua Getruda Ruangwa mjini alipunguza mwendo kabla ya njia panda ya Nkowe bila kuambiwa. Jina lake Jamali. Aliinua kichwa, akatazama upande wa kulia, kisha akaongeza mwendo.

"Umetazama nini?"

"Hamna, sista. Mazoea tu. Bado haujapanda."

"Nini hakijapanda?"

"Aa, mambo ya washua wa mikorosho." Alisimamisha pikipiki. "Babu yangu akiniona nimetoka mjini, salamu ya kwanza hiyo: umepanda haujapanda? Shikamoo yangu haitikii mpaka nimjibu."

Upande ule kulikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, na mbele yake nguzo ndefu ya mti, imesimama peke yake. Getruda alikaa kwenye gogo ng'ambo ya barabara. Alifungua daftari juu ya goti na kungoja.

Saa mbili na dakika tano, mwanamke mtu mzima aliyejifunga kanga mbili alitoka ndani akishika simu ndogo ya vitufe karibu na uso. Alisoma kwa midomo. Akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na mfuko mweupe mtupu wa salfa, uliopasuliwa ukawa shuka. Aliufunga kwenye kamba, akavuta. Mfuko ulipanda mpaka kileleni na kujaa upepo.

Mwendesha baiskeli wa kwanza alipita baada ya dakika mbili. Aliinua macho, akapiga breki, akageuza baiskeli na kurudi alikotoka. Wa pili alikuwa amebeba majembe. Aliinua macho, akapiga kengele mara moja, akaendelea. Getruda alianza kuweka vijiti katika daftari. Alikaa saa nzima. Walipita watu sabini na watatu, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Hamsini na wawili waliinua macho. Kumi na tisa waligeuza.

Alivuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mfuko huu wa nini?"

Mwanamke aliutazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Huo? Nimeuanika. Ukauke."

"Haujalowa."

"Utalowa."

Getruda alitoa simu yake. Alisoma nambari iliyokuwa kwenye fomu arobaini na moja, akabonyeza. Katika fundo la kanga ya yule mama, simu ililia.

Mwanamke aliishika juu ya kanga mpaka ilipoacha.

"Umetumwa na bwana shamba?" mwanamke aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Hapana. Mimi ni polisi."

"Basi ni vibaya zaidi."

Jina lake lilikuwa Bi Mwanawetu. Alikuwa ameandika vipimo vya korosho ghalani kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo namba hazikumtisha. Ujumbe ulipoanza kuja, majirani walimletea simu awasomee. Walipozidi, alichoka kusoma, akapandisha mfuko. Ukipanda, kesho alfajiri umande ukiwapo watu wanapulizia. Usipopanda, wanangoja. Mwaka uliopita mtu mmoja wa ofisi alipita, akauona, akamwambia asijifanye mtaalamu, kwani ushauri unatolewa na wenye mamlaka.

"Nikaushusha wiki mbili. Wakaja hapa mlangoni, wake kwa waume. Mmoja akalia, maua yake yamekuwa meusi. Nikaupandisha tena, lakini nikamwambia kila mtu: asiniandike."

"Na Shakila?"

"Yule binti mwenye mkoba? Aliniuliza maswali yake, nikamwambia ukiniandika jina mfuko unashuka. Akasema hataandika." Alimtazama Getruda. "Ameandika?"

"Hakuandika. Kesho atapoteza kazi kwa sababu hakuandika."

Bi Mwanawetu alifunga fundo la kanga upya, bila haraka. "Nambari lakini aliandika."

"Watu ndio waliompa. Fomu iliwauliza: taarifa unaipata kwa nambari gani? Wakataja yako."

"Hawakudanganya," alisema Bi Mwanawetu.

Pembeni walikuwa wamesimama wazee wawili waliovutwa na mgeni. Getruda aliwageukia.

"Babu, una miaka mingapi?"

"Sitini."

"Na wewe?"

"Huyu ni kaka yangu mkubwa," alijibu wa pili. "Sitini vilevile."

"Mwongo!" alisema Bi Mwanawetu. "Alikuwa sitini mimi nikiwa bado ghalani."

Getruda aliandika sitini mara mbili. Kisha akamgeuzia daftari auone ukurasa: vijiti na namba, hamna jina. "Mama, jina lako silihitaji. Nambari imelia mbele yangu, na mfuko nimeuona. Nitaandika nilichokiona."

"Kwa hiyo nisiushushe?"

"Usiushushe."

*

Alifika Nachingwea saa saba na nusu. Shakila alikuwa kwenye benchi lilelile, mkoba mapajani. Getruda alimpita bila kumtazama, akaingia, akafunga mlango.

Hati ya kufungua jalada ilikuwa tayari mezani, na kalamu imewekwa juu yake kwa upande wa mgeni.

"Nilianza kuhofu hutawahi," alisema Twalha. Getruda aliyarudisha mafungu mawili mezani, na kwa mazoea Twalha akaweka jiwe juu ya la Mtua.

"Fomu ya themanini na tatu," alisema Getruda, akiwa bado amesimama. "Bi Saada. Ulimhoji nyumbani kwake Jumamosi asubuhi?"

"Kama ndivyo ilivyoandikwa."

"Alivaa nini?"

"Afande, ni wiki tatu zilizopita."

"Mwanamke yeyote wa Mtua angekumbuka alivaa nini siku hiyo, na wewe ungekumbuka kelele za ngoma. Wali walikuwa wanatoka. Hukuwepo. Kitabu cha wageni kina saini yako moja, Ijumaa. Ulihoji watu saba, ukafunga begi. Namba sitini na moja mpaka sitini na saba hazikuharibika kwenye mashine."

Twalha alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya shati, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Umejuaje kuanza na Mtua?" aliuliza. "Malalamiko yalikuwa ya Nkowe."

"Umri. Uligawa tarakimu kwa haki. Watu hawazigawi."

Twalha alivuta droo ya chini, akatoa fomu saba zilizoshikanishwa kwa pini. Zilikuwa na mkunjo katikati.

"Sikuweza kuzichana," alisema. "Nilijaribu. Miaka minne, afande. Naamka saa kumi kusoma vipimo vya unyevu. Soma wanachosema. Wa kwanza anaufuta kabla ya kuusoma. Wa pili haelewi. Wa nne anasema ni kelele ya simu. Nikijua ujumbe ni sahihi! Nikasema, sitaruhusu watu saba wauue."

"Na Shakila?"

"Nilidhani ametunga kweli. Tarehe zake zilikuwa zinafanana mno na zangu."

"Zinafanana kwa sababu walikutii." Getruda aliweka daftari mbele yake, likiwa wazi kwenye ukurasa wa vijiti. "Kuna mtu Nkowe anasoma namba zako mpaka mwisho. Akimaliza anapandisha mfuko mtupu wa salfa kwenye nguzo njia panda. Kesho yake wanapulizia. Ujumbe wa kupulizia ulitoka tarehe kumi na tisa, walipulizia ishirini. Ukatoka tarehe tatu, walipulizia nne. Hawana nambari yako ya simu, wala jina lako hawalijui. Leo asubuhi nilikaa saa moja. Hamsini na wawili waliinua macho kutazama ulichoandika."

Twalha alisoma vijiti vile kwa kidole, mstari kwa mstari, akihesabu upya kama mtu asiyemwamini mwenzake. Alipofika mwisho, kidole kilibaki hapo.

"Mfuko," alisema.

"Ulimpa maneno matatu."

Twalha aliinua jiwe kutoka kwenye fungu la Mtua. Alilishika kidogo, kisha akaliweka juu ya fungu la Nkowe, na akalisogeza mpaka likakaa katikati.

Getruda aliichukua hati ya jalada, akaipiga mistari miwili ya kukatisha kwenye jina la Shakila, akaandika tarehe na saa kando yake. Alifungua mlango.

"Binti. Nkowe nimekaa, nimetazama. Nenda nyumbani, kesho una kazi."

Shakila alisimama. Aliufungua mkoba, akatazama ndani kuhakikisha bahasha ipo, akaufunga. "Mwenye simu ameandikwa?" aliuliza.

"Hakuandikwa."

Hatua zake zilisikika barazani zikitembea, halafu zikikimbia.

Getruda alirudi kuketi. Alitoa karatasi safi ya maelezo ya mtuhumiwa, akaandika mahali na tarehe juu yake. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Jina kamili," alisema.

Twalha alilitaja.

"Umri?"

"Hamsini."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Getruda hakuinua uso. Alingoja tu, kama alivyongoja kwenye gogo. Twalha alitazama fungu la Nkowe chini ya jiwe lake.

"Arobaini na nane," alisema.

Getruda aliandika.